Bi Mwiko Anastaafu, Jiko la Jumatano Haliendi Popote

Miaka thelathini na minne na miezi miwili. Huo ndio muda ambao mwenzetu amepiga deki korido za kituo hiki cha afya. Leo, Ijumaa, tarehe thelathini Juni, saa tisa na nusu alasiri, atakabidhi funguo, ndoo na koti lake la buluu na kustaafu rasmi. Katika faili lake ameandikwa "mhudumu wa usafi, daraja la pili". Aliingia akiwa daraja la tatu. Kwa mujibu wa faili, basi, maisha yake yote ya kazi yamempandisha ngazi moja tu. Wasifu huu umeandikwa kwa nia ya kubishana na faili hilo.

Wengi wetu hatulitumii jina lake la kwenye mshahara. Ni Bi Mwiko, kuanzia getini hadi maabara. Wapo wanaosema aliitwa hivyo kwa sababu ya mwiko wa mti aliokuwa akiuchomeka kwenye mfuko wa koti, pale ambapo wengine tunachomeka kalamu. Wapo wanaosema ni kwa sababu kila jambo aliloambiwa hapa kituoni kwamba ni mwiko kulifanya, alilifanya. Pande zote mbili ziko sahihi.

Kamati ya sherehe iliponiomba mimi, msimamizi wa lishe, niandike wasifu huu, kwanza nilikataa. Karatasi ya kwanza mbaya kuingia katika faili lake niliiandika mimi kwa mkono wangu. Nikawaambia wamtafute mtu mwenye haki ya kumsifu. Wakaenda kumuuliza mwenyewe, naye akawajibu huku akikamua dekio: "Mwacheni aandike. Ameshazoea kuniandika."

Nilifika hapa miaka ishirini na minne iliyopita, nimetoka chuoni moja kwa moja, viatu vikilia kwa upya na mabango sita yakiwa yamekunjwa kwapani. Mabango yalikuwa mazuri. Kulikuwa na samaki mkubwa wa rangi ya waridi, jibini, zabibu, paja la kuku na glasi ya maziwa iliyojaa hadi ukingoni. Katikati alikaa mtoto mwenye mashavu kama mikate. Niliyabandika ukumbini, na kila Jumatano, siku ya kliniki ya watoto, nilisimama mbele yake na fimbo ya kuonyeshea, nikiwafundisha akina mama lishe bora.

Jumatano ya tatu au ya nne alikuja mama mmoja mwenye mapacha wa miezi kumi na minne. Mmoja alikuwa mgongoni na mwingine kifuani. Alikuwa ametembea kwa miguu tangu asubuhi, na kanga yake ilikuwa na vumbi hadi magotini. Nilitazama kadi zao za kliniki. Mstari wa uzito, ambao unatakiwa kupanda, ulikuwa umelala kwa miezi mitatu, kisha ukaanza kushuka. Ningeweza kumwita pembeni, lakini nilikuwa kijana na nilikuwa na fimbo mkononi.

"Mama, hawa watoto unawapa nini?" nilimuuliza mbele ya wanawake sitini.

"Uji, daktari."

"Uji wa nini?"

"Uji wa unga na maji. Sukari ikiwepo, naweka."

"Na hili bango hulioni? Samaki hapa, maziwa hapa, kuku hapa. Vyote hivi huvioni?"

Mama yule aliinamisha kichwa. Ndipo sauti ikatoka nyuma, karibu na mlango, ambako mhudumu wa usafi alikuwa ameegemea dekio lake.

"Samahani, Bwana Lishe. Huyo samaki anauzwa duka gani? Nataka niende nikamuulize bei, halafu nimuulize na mwenye duka kama anapokea salamu badala ya hela."

Wanawake sitini walicheka kwa pamoja. Hata mama wa mapacha alicheka, kidogo, akiwa bado ameinama. Mimi sikucheka. Nilikwenda ofisini nikaandika barua ya ukurasa mmoja na nusu kwa daktari mkuu wa kituo. Neno "utovu wa nidhamu" nililitumia mara nne. Nimelihesabu tena wiki iliyopita.

Daktari mkuu wa wakati ule hakuwa mtu wa mzaha. Alimwita, akampa onyo la maandishi, na akamwambia kwamba kuanzia siku hiyo asizungumze na wagonjwa wala akina mama isipokuwa kuwaonyesha choo kilipo. Bi Mwiko aliipokea karatasi yake kwa mikono miwili, kama anayepokea cheti.

"Nimekuelewa, daktari," alisema. "Nitawaonyesha choo. Ila njiani tutazungumza."

Jumatano iliyofuata alileta sufuria kutoka nyumbani. Nyuma ya chumba cha kufulia palikuwa na bomba na mafiga matatu ambayo wafuaji walitumia kuchemshia mashuka. Saa ya mapumziko ya mchana, badala ya kula, alimwita mama wa mapacha na wengine wanne akakoroga uji mbele yao. Unga ulikuwa uleule wanaotumia nyumbani. Aliongeza kiganja cha karanga alizozitwanga, unga wa dagaa waliokaushwa na kusagwa hadi hawatambulikani, yai moja lililogawiwa watoto wawili, na majani ya maboga yaliyokatwakatwa laini kama tumbaku. Hakutoa hotuba. Mfuaji mmoja alipomkumbusha onyo, alijibu kwamba alikatazwa kuzungumza, hakukatazwa kupika.

Haya nilikuja kuyajua baadaye. Nilichokiona mimi wakati ule ni mizani. Baada ya wiki sita, mapacha wale walipopandishwa, mshale ulikwenda mahali ambapo sikuutarajia. Nikadhani mizani imeharibika. Nikaleta mfuko wa sukari wa kilo tano, nikaupima: kilo tano. Nikawapima tena watoto. Mstari kwenye kadi zote mbili ulikuwa umeinua kichwa.

"Umeanza kununua samaki?" nilimuuliza Mama Pacha, nikijiona nimeshinda.

Alinitazama kwa huruma. Kisha akanyoosha kidevu chake kuelekea koridoni, kule dekio lilikokuwa likienda na kurudi.

Nilikaa na jambo hilo wiki mbili. Hatimaye, Ijumaa moja, nilimfuata Bi Mwiko chumba cha ndoo, nikamwambia kwamba ningependa kuona anavyofanya. Hakunirahisishia. Aliniacha nimesimama mpaka alipomaliza kusuuza matambara yote.

"Kesho saa tisa alasiri, sokoni," alisema. "Uje na kapu. Na hivyo viatu uviache kwako."

Nilifika saa saba, kwa kiherehere. Yeye alifika saa tisa kamili, soko likianza kufungwa, na hapo nikapata somo langu la kwanza bila kufundishwa. Muuza nyanya alikuwa anatazama rundo la nyanya zilizoiva kupita kiasi. Bi Mwiko akashika kiuno mbele yake.

"Hizi kesho unazitupa, mwanangu. Nipe leo nikupunguzie mzigo."

"Mama, wewe kila Jumamosi unanifanyia hivi!"

"Na kila Jumamosi unauza. Nani mwingine anakufanyia hivyo?"

Tuliondoka na nyanya za kujaza nusu ya kapu kwa bei ya fungu moja. Zilikwenda kukatwa na kuanikwa juu ya bati lake, na zikaliwa kwa miezi miwili. Alinunua maharage yaliyovunjika, ambayo sokoni yanauzwa kwa dharau, kwa sababu tumboni, alisema, yote huvunjika. Alinunua mayai madogo. Majani ya maboga alipewa bure na muuza maboga aliyekuwa anataka kuyafagia. Nyama hakuigusa, ila aliomba mifupa yenye uboho. Muuza nyama alipojidai kuiwekea bei, alimuuliza kama mbwa wake naye hulipa. Akaipata.

Nyumbani kwake palikuwa na vyumba viwili, na watu wanane. Mume wake, fundi mwashi, alikuwa ameanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi miaka mitano kabla, akavunjika mgongo. Alikuwa anaweza kukaa na kusimama, lakini jiwe hakulibeba tena. Walikuwepo watoto watano na mama mkwe mwenye meno mawili. Mshahara ulikuwa mmoja tu, wa mhudumu wa usafi, daraja la tatu. Nilitazama wale watoto watano mmoja baada ya mwingine kwa jicho la kazi, kama ninavyotazama pale kliniki, nikitafuta nywele zilizobadilika rangi, miguu iliyovimba, macho makavu. Sikupata kitu. Nilikuta watoto wanaogombania kuniletea kigoda.

Mume alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharage. Pembeni yake palikuwa na kapu kubwa lililojazwa matambara na blanketi kuukuu. Niliuliza ni la nini. Alilifunua kwa fahari ya fundi anayeonyesha ukuta wake: ndani kulikuwa na sufuria. Maharage yaliyolowekwa tangu jana yake yalichemshwa sawasawa nusu saa, kisha yakazikwa humo asubuhi, na alasiri hiyo yalikuwa yameiva, laini, bila kuni hata moja zaidi. Mshona matambara ya kapu ni yeye mwenyewe. "Mke wangu analeta chakula," aliniambia, "mimi ndiye mlinzi wa moto."

Siku hiyo alikuwepo pia mdogo wake fundi, aliyekuja kusalimia saa ya kula, kama ilivyokuwa desturi yake. Bi Mwiko alipakua sahani za watoto kwanza, kila mmoja na yake, kila moja na nusu yai juu. Ya mama mkwe ilipondwapondwa. Yake mwenyewe aliijaza sawa na ya mume wake, na baadaye aliniambia kwamba akina mama wengi hukosea hapo: wanakula makombo, wanaanguka, na sufuria inabaki haina mpishi. Shemeji alitazama sahani yake, akaona maharage na mboga tupu.

"Shemeji, mimi yai langu liko wapi? Si mimi ndiye mgeni?"

"Shemeji," alisema Bi Mwiko bila kugeuka, "wewe umeshamaliza kukua."

Fundi alicheka hadi akashika mgongo wake. Shemeji alinuna dakika mbili, kisha akala, akaomba aongezwe. Na mimi nilikula. Nilikuwa na cheti cha lishe chenye mhuri, na nilikuwa sijawahi kula chakula kilichopangwa kwa akili namna ile. Nilirudi kwangu kwa miguu. Jumatatu asubuhi niliyabandua mabango yangu, yote sita.

Msije mkadhani kwamba hapo mambo yalinyooka. Miezi michache baadaye kilikuja kituoni kirutubisho cha watoto, unga mweupe katika makopo yenye picha ya simba mdogo. Mwakilishi wake, ambaye wauguzi walimbatiza Bwana Makopo, alimletea daktari mkuu saa ya ukutani, kalenda na friji ya ofisi. Ikakubalika kwamba kila Jumatano makopo yatauzwa mlangoni mwa kliniki. Bei ya kopo moja ilikuwa sawa na chakula cha nyumba nzima kwa siku nne. Na sisi wenye makoti meupe tuliambiwa tulipendekeze. Nasema sisi kwa sababu na mimi niliambiwa, na Jumatano ya kwanza nilipendekeza, kwa sauti ndogo, nikitazama dari.

Bi Mwiko alinunua kopo moja kwa hela yake. Akaenda nalo nyumbani, akamwambia binti yake amsomee maandishi madogo ya ubavuni. Jumatano iliyofuata aliliweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele ya mafiga yake, na akamwomba mama anayejua kusoma asome kwa sauti: mahindi, soya, sukari, ladha ya vanila. Kisha akaweka pembeni kikombe cha mahindi yaliyokaangwa na kusagwa, na kikombe cha soya. "Ladha ya vanila sina," alisema. "Anayeitaka sana akanunue kopo." Siku hiyo Bwana Makopo aliuza makopo mawili. Wiki iliyofuata hakuuza hata moja.

Wiki ya tatu, Bi Mwiko aliitwa kwenye kikao cha nidhamu. Kosa sasa lilikuwa kubwa: kufanya kazi isiyo yake, kukaidi onyo, na kuhujumu huduma ya kituo. Pendekezo lilikuwa afukuzwe kazi. Naomba msomaji alipime hilo. Mume hawezi kubeba jiwe, watoto watano wako shuleni, mshahara ni mmoja. Angeweza kuomba radhi. Muuguzi mkuu alimsihi koridoni aombe radhi, ili mambo yaishe.

Kikao kilifanyika katika ofisi ya daktari mkuu, chini ya ile saa mpya. Walikuwepo daktari mkuu, mhasibu, muuguzi mkuu na Bwana Makopo, aliyealikwa kama mlalamikaji. Na mimi niliitwa, kwa sababu barua yangu ndiyo iliyokuwa ya kwanza katika faili, na nilitakiwa kuisoma.

"Umewakataza akina mama kununua kirutubisho," alisema daktari mkuu.

"Sijamkataza mtu. Wamesomewa kilichoandikwa. Sikuongeza hata herufi."

"Wewe ni mtu wa usafi. Lishe inakuhusu nini?"

Bi Mwiko alisimama. Hakuwa ameambiwa asimame.

"Inanihusu kwa sababu mimi nalisha watu wanane kwa huo mshahara mnaonilipa, daktari, na mshahara wenyewe unaujua, wewe ndiye unayeusaini. Wanangu hawajawahi kulala humu wodini hata siku moja kwa njaa. Huyo mama anayeambiwa anunue kopo ana huohuo wangu, au pungufu. Akinunua kopo, ndugu zake mtoto wanakula nini hizo siku nne? Mtawaambia wamtazame simba wa kwenye kopo?"

Bwana Makopo alianza kusema jambo kuhusu utafiti. Daktari mkuu akamkatiza, akaniamuru nisome barua yangu.

Sikuisoma. Nilikuwa nimekuja na bahasha ya nakala za kadi za kliniki. Zilikuwa ishirini na tatu, za watoto wote ambao mama zao nilijua wamepita kwenye yale mafiga nyuma ya kufulia. Nilizipanga mezani. Nilikuwa bado sijathibitishwa kazini. Watoto kumi na tisa mstari ulikuwa umepanda. Wawili ulikuwa umesimama. Wawili ulikuwa umeshuka, na hao wawili Bi Mwiko mwenyewe ndiye aliyewaleta kwa muuguzi wiki nyingi kabla, akisema, "Hawa si wa sufuria, hawa ni wa daktari." Mmoja alikutwa na tatizo la moyo. Mwingine alikuwa na minyoo ya kutisha. Wote wawili walitibiwa.

"Barua ile niliiandika mimi," nilisema, "na nilikosea. Kama anafukuzwa kwa hili, mniondoe na mimi, kwa sababu Jumatano ijayo nitakuwa pale nyuma naye, nakoroga."

Muuguzi mkuu, aliyekuwa akimsihi aombe radhi, alichukua kadi moja, akaitazama, akachukua nyingine. Kisha akavuta kiti chake kidogo, akakiweka upande wa Bi Mwiko.

Hawakumfukuza. Lakini pia hawakumsifu. Waliliacha onyo palepale na kumhamishia chumba cha kufulia kwa muda usiojulikana, ili asionekane tena na akina mama. Aliyetoa adhabu hiyo hakuwa amefikiri sana, kwa maana nyuma ya chumba cha kufulia ndiko mafiga yaliko. Kwa miezi kumi na sita Bi Mwiko alifua mashuka ya wodi nzima, vidole vikachubuka kwa dawa, na kila Jumatano foleni ya akina mama ilizunguka jengo na kwenda kusimama mlangoni kwake, katikati ya mvuke. Makopo yalikaa mlangoni mwa kliniki mpaka yakapata vumbi. Bwana Makopo alipokata tamaa alikuja kuyachukua, na akaondoka na saa yake pia. Alama ya duara bado iko ukutani pale.

Daktari mkuu mpya, mama tunayemfahamu sote, alipofika siku ya kwanza alikuta foleni imesimama upande usio na mlango. Akauliza wanangojea nini. Akaifuata hadi mwisho, akakuta mwanamke mwenye mwiko. Alionja, akakaa kwenye ndoo, akaonja tena. Mwezi huohuo alitoa amri banda la vitanda vibovu lisafishwe. Ndilo jiko letu la Jumatano hadi leo, mwaka wa ishirini na mbili.

Itakuwa uongo tukisema hakuwahi kukosea. Kwa miaka kadhaa aliwagombeza akina mama wanaonunua mafuta ya kupimiwa kwenye vifuko vidogo vya nailoni, kwa kuwa ukijumlisha ni ghali kuliko chupa. Siku moja mama mmoja, mfua nguo wa majumbani, alimjibu: "Bi Mwiko, wewe unalipwa kwa mwezi. Mimi nalipwa nikimaliza kufua. Hela ya chupa sijawahi kuishika." Bi Mwiko hakumgombeza mtu Jumatano mbili nzima, jambo lililotutia wasiwasi. Ya tatu alikuja na daftari na debe tupu. Akawakusanya akina mama sita sita: kila mmoja anatoa kidogo anachokipata kwa siku, mwisho wa juma wananunua debe la mafuta na gunia la maharage kwa bei ya jumla, wanagawana kwa kikombe kimoja kilekile. Mfua nguo yule ndiye aliyekuwa mshika kikombe wa kwanza. Vikundi hivyo sasa ni arobaini na moja, na kimoja ni cha sisi wafanyakazi. Msione haya.

Tabia nyingine ni zake na tutazikumbuka. Aliimba kwa sauti mbovu na hakukubali kuambiwa. Alitugombeza tunapomwaga chakula, hata kama chakula ni chetu. Mapacha wale sasa wana miaka ishirini na mitano. Mmoja ni fundi bomba, na alipokuja kurekebisha bomba la jikoni, Bi Mwiko alimkagua kwanza kucha na macho, ndipo akamruhusu kushika spana.

Mara tano tuliandika kuomba apewe cheo cha mwelekezi wa mapishi. Mara tano jibu lilirudi kwamba hakumaliza sekondari. Ombi la sita tulilipeleka mwaka huu. Jibu lilifika Jumatatu: nafasi hiyo haipo kwenye muundo, na kwa kuwa mhusika anastaafu, banda litumike kuhifadhi majalada. Nilimpelekea barua hiyo nikiwa na uchungu. Aliisoma polepole, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza unaotikisika. Meza ikatulia.

"Majalada hayali," alisema. "Watafute pengine."

Kwa hiyo ijulikane. Jumatano ijayo, saa tatu asubuhi, moto utawashwa kama kawaida. Muuguzi mkuu ameshapanga zamu, jina langu liko la kwanza, na daktari mkuu ameweka kufuli jipya mlangoni ambalo ufunguo wake hauko ofisi ya majalada.

Neno la mwisho ni kuhusu chakula cha leo. Kamati ilitaka kuagiza kuku na soda kutoka hotelini. Bi Mwiko alikataa katakata. Alisema ametumia maisha yake yote ya kazi kuwaambia watu kwamba wanaweza kula vizuri kwa kile walichonacho, na hatakubali siku yake ya kuagwa iwe ushahidi wa kinyume chake. Jumamosi iliyopita, saa tisa alasiri, alitupeleka sokoni, wafanyakazi kumi na wawili na makapu. Tumechambua sisi wenyewe, na fundi mwashi amesimamia vikapu vya kupikia. Wageni wa meza kuu wanakula sahani ileile anayokula mlinzi wa getini, kwa gharama ambayo mhudumu wa usafi wa daraja la tatu angeimudu. Kuna ziada. Hatujapika kwa huruma, tumepika kwa hesabu yake. Mkishiba, mjue mmeshibishwa na mshahara ambao tuliambiwa hautoshi, na mjue vilevile kwamba yeye mwenyewe hajawahi kusema unatosha. Alisema tu kwamba hatakubali watoto wangoje mpaka utoshe.

Bi Mwiko, dada yetu, mama yetu, mwenzetu: asante kwa korido zilizong'aa, na kwa watoto waliokimbia humo. Nenda kakae na fundi wako, ulale mpaka jua likuchoke. Mwili wako uwe na nguvu, mlango wako uwe na wageni wazuri, na leo, kwa mara ya kwanza hapa kituoni, kaa kitini upakuliwe kabla ya mtu mwingine yeyote.